Mume wangu anamsahihisha mama yake jina alilompa mwenyewe

SWALI

Shikamoo Mjomba. Naomba usicheke kwanza, maana kila ninayemsimulia hii ishu anacheka, na nyumbani kwangu sasa hivi hamna anayecheka.

Mume wangu anaitwa Anthony. Ndo ilivyo kwenye kitambulisho chake, na h iko pale. Ila tangu namjua, na ni miaka tisa sasa, anaitwa Antoni. Mama yake anamwita Antoni, ndugu zake Antoni, mimi nilipompenda nilimpenda akiwa Antoni, hata siku ya ndoa aliyetufungisha alisema Antoni na mwenyewe akaitika bila shida yoyote. Marafiki wa zamani wanamwita Toni. Sijawahi kusikia analalamika hata siku moja.

Mwaka jana mwishoni akapata kazi kwenye kampuni ambayo wateja wake wengi wako Marekani, kwa hiyo karibu kila jioni wana mitingi ya video. Mambo yakaanza kidogo kidogo. Kwanza nikamsikia anajitambulisha "Anthoni", ulimi kati ya meno kama mtu anayesema thamani. Nikasema hiyo ni ya kazini, kila mtu ana sauti yake ya kazini, mimi mwenyewe nikipokea simu ya kazi nabadilika. Halafu ikaanza kuingia ndani. Akawaambia wadogo zake kwamba jina lake halitamkwi hivyo wanavyolitamka. Akatuma voisi kwenye grupu la familia, yani Mjomba alikaa chini akarekodi voisi kabisa, sekunde arobaini, anafundisha watu jinsi ya kumwita. Shemeji yangu mmoja akajibu kwa emoji za kucheka, akatolewa kwenye grupu. Alirudishwa kesho yake.

Mimi nikanyamaza. Nikawa namwita "baba watoto" au namsubiri aangalie upande wangu ndo niongee, yani nalizunguka jina kama shimo la barabarani.

Kilichonifanya nikuandikie ni mama mkwe. Alikuja kukaa na sisi wiki mbili. Siku ya tatu tuko mezani akamwita, "Antoni mwanangu, nisogezee maji." Mume wangu akamwambia, kwa upole sikatai, lakini mbele yetu wote na watoto, "Mama, sio Antoni. Ni Anthoni. Kuna h pale." Mama akajaribu. Ni mtu mzima Mjomba, ana miaka sabini na kitu, na meno mawili ya mbele hana. Ikatoka "Ansoni". Watoto wakacheka, na mume wangu naye akacheka. Mama pia akacheka ila mimi nilimwona macho. Usiku naosha vyombo akanifuata jikoni akaniambia, "Mimi nilimwita Antoni kabla hajawa na sikio la kunisikia. Leo sijui kumwita." Tangu hapo akawa anamwita "wewe". Ameondoka juzi, siku nne kabla ya siku aliyopanga, akasema amekumbuka shughuli.

Nilipomkabili mume wangu akasema herufi haiwekwi kwenye jina kwa bahati mbaya, ikiandikwa itamkwe, na yeye amechoka kuonekana mshamba, hivyo ndivyo jina linavyotamkwa na wenyewe wenye jina. Nikamwuliza wenyewe ndo akina nani, akasema sitaelewa. Kuna siku moja mwanzoni kabisa alitoka kwenye mitingi amenuna, akasema kuna mtu alimwuliza jina mara mbili na wenzake wakacheka, ila hilo lilipita.

Cha ajabu sasa, nimefukua cheti chake cha kuzaliwa, kimeandikwa Antony bila h. Cha ubatizo kimeandikwa Antoni, na i mwishoni. Vyeti vya shule na kitambulisho ndo Anthony. Nikampelekea vyote vimepangwa mezani, akasema hayo ni makosa ya makarani wa zamani, akaondoka.

Nisaidie Mjomba. Nani yuko sahihi? Hiyo h inatamkwa au haitamkwi? Na mimi nimwite nani, maana kusema kweli nikijaribu kumwita Anthoni najisikia naita mume wa mtu mwingine.

Ni mimi Esther.


JIBU

Marahaba mpwa wangu. Nimecheka, nisamehe, nilicheka pale kwenye voisi ya sekunde arobaini. Nilipofika jikoni kwa mama nikaacha.

Tuanze na h, maana hiyo ndo silaha aliyoishika mumeo na nadhani hajawahi kuigeuza akaangalia imetengenezwa wapi. Jina lenyewe ni la Warumi, Antonius, jina la ukoo mmoja mkubwa, na aliyelivumisha zaidi ni Marcus Antonius, yule wa Kleopatra malkia wa Misri, aliyekufa mwaka 30 kabla ya Kristo. Liandike kwa Kilatini uhesabu herufi: a, n, t, o, n, i, u, s. H haipo. Haijajificha wala haijanyamaza, haipo tu. Likaja likabebwa na watakatifu, Antoni wa Misri, mkaa pweke wa jangwani aliyefariki mwaka 356, halafu Antoni wa Padua, ambaye alizaliwa Lisbon mwaka 1195 akiitwa Fernando na akachukua jina la Antoni alipojiunga na watawa Wafransisko, kwa heshima ya yule wa Misri. Waitaliano na Wahispania wanasema Antonio, Wafaransa Antoine, Wajerumani na Warusi Anton, na Wapolandi, mpe mama mkwe hii habari akae nayo, Wapolandi wanaandika Antoni, na i mwishoni, kama kwenye cheti cha ubatizo alichokitunza.

Sasa h ilitoka wapi. Karne ya 16 na ya 17 wasomi wa Uingereza walikuwa wamelewa Kigiriki na Kilatini, kila neno wanalitafutia babu. Wakakutana na Antony wakasema aah, hili bila shaka linatokana na neno la Kigiriki anthos, yaani ua, kwa hiyo wakalitia h ili lifanane na babu yake. Babu mwenyewe siye. Walibahatisha wakakosea, na kosa likapendeza machoni, likabaki. Siku hizo hizo kulikuwa na ugonjwa huo kwenye mambo mengi, mto Thames nao ulipachikwa h namna hiyo, Warumi waliuita Tamesis, na mpaka leo Waingereza wanasema "Temz" na ile h imekaa pale kama mgeni asiyejua kilichomleta. Kwa hiyo mumeo anaposema herufi haiwekwi kwenye jina kwa bahati mbaya, mwambie taratibu kwamba kwenye jina lake ndivyo ilivyotokea hasa.

Lakini usimkimbilie na hilo bado, maana kuna upande wake pia na nitakuwa mnafiki nikiuficha. Herufi ikishakaa kwenye karatasi miaka mingi, watu wanaojifunza jina kwa kusoma kuliko kwa kusikia wanaanza kuitamka. Marekani ndivyo ilivyokwenda, wengi wao wanasema Anthony kwa th ya thamani, na wako sawa, ni jina lao walivyolipokea kwa wazazi wao. Yule mama aliyepigania wanawake wapige kura, Susan B. Anthony, jina lake la ukoo linatamkwa kwa th. Ukivuka bahari ukaenda Uingereza, walio wengi wanasema kwa t kavu, Antoni, ingawa huko pia utawapata wa th. Waziri mkuu wao wa miaka ya 1955 mpaka 1957, Anthony Eden, aliandikwa na h na akaitwa kwa t, na hakuna aliyemwita mshamba. Kwa hiyo mumeo akiwa kwenye mitingi na Wamarekani akasema Anthoni hajakosea chochote, anawarahisishia. Alipofika kwenye "wenyewe wenye jina" ndo kaniacha hoi, maana wenyewe ndo hao hawajakubaliana.

Na nikupe shahidi mwingine ambaye hahongeki. Kifupi cha jina hili ni nini? Toni. Tony. Huko Marekani kwenyewe, kwa watu wale wale wanaosema th, kifupi ni Tony, hujamsikia mtu yeyote duniani akiitwa Thoni. Kifupi kilikatwa zamani, wakati jina zima bado linatamkwa kwa t, kikabaki na sauti ya zamani kama kisiki kinavyobaki mti ukishakatwa. Ukishaliona hili utaliona kila mahali: Catherine ana th lakini kifupi chake Kate, Elizabeth ana th lakini kuna Betty, Matthew ana Matt, Nathaniel ana Nat, Theodore ana Ted. Waingereza wa zamani walikuwa wanayasema majina yote hayo kwa t tupu, th ilikuja baadaye kwa kusoma. Rafiki zake wanaomwita Toni wanamwita jina kuukuu kuliko yeye anavyojiita, na hajawahi kumtoa mtu kwenye grupu kwa ajili hiyo.

Haya, na sasa twende kwenye sheria yake, kwamba ikiandikwa itamkwe. Mpwa wangu, umesaini barua yako Esther. Hebu niambie mumeo anakuitaje? Maana E-s-t-h-e-r nayo ina h pale pale baada ya t, na nina hakika kama nilivyo na hakika na jua kwamba hakuiti Estha. Anakuita Esta, kama kinavyoitwa kitabu chako kwenye Biblia ya Kiswahili, kama Waingereza wanavyokuita na Wamarekani pia. Miaka tisa anaishi na h nyingine ndani ya nyumba, analala nayo chumba kimoja, hajawahi kuitamka! Na rafiki yake yeyote anayeitwa Thomas amwite Thomasi kwa th tuone kama ataitikiwa. Akina John nao wana h katikati inayolala usingizi wa pono, wakati sisi kwa Kiswahili tunaitamka kabisa, Yohana, labda tuwapigie simu tuwaambie wanajikosea.

Hapa nataka nikae kidogo maana ni patamu. Chukua Biblia ya Kiswahili ile ya Union, Mathayo sura ya 10 mstari wa 3, kwenye orodha ya mitume. Ndani ya mstari mmoja kuna Bartholomayo, kuna Tomaso, kuna Mathayo mwenyewe, kuna Thadayo. Watatu wamepewa th, mmoja kapewa t, na kwa Kiingereza wote wanne wanaandikwa na th. Hakuna aliyeandamana. Kiswahili kina th yake safi, kwenye thelathini, methali, thawabu, kwa hiyo haiwezekani mtu aseme sisi tunasema Antoni kwa sababu ulimi wetu umeshindwa th. Mathayo tunamsema kila siku. Tomaso na Antoni tuliwapokea kwa t, basi. Na ni kweli wapo wengi ambao th yao inatoka s, samani badala ya thamani, nami nina ndugu zangu wa hivyo na siwapendi pungufu, na kwa mama asiye na meno mawili ya mbele th ni kazi ya ufundi kabisa, ulimi unategemea wapi? Alichofanya pale mezani ni kumwomba mzee avae kiatu kisicho cha mguu wake halafu amcheke anavyochechemea.

Kuna kitu kingine kidogo, ambacho usimwambie mpaka mmeshapatana, sawa? Umeandika anasema "Anthoni". Nina wasiwasi ananena an-THO-ni, uzito katikati, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Waswahili tunavyosema karibu maneno yetu yote. Mmarekani uzito anauweka mwanzo kabisa, ANtho-ni, na ile o anaimeza karibu isisikike. Kwa hiyo hata baada ya h yote hiyo, voisi, na mama kuondoka, bado jina lake limevaa shati la Kiswahili. Mimi naona ni zuri hivyo hivyo. Ila kama lengo lilikuwa kusikika kama wao, amebadilisha kioo cha gari akaacha injini.

Nimejibu nani yuko sahihi? Wote wawili, na mama kidogo zaidi, kwa sababu yake ni ya zamani zaidi na kwa sababu yeye ndiye aliyelitoa.

Sasa kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeupita mbio kama mtu anayevuka barabara, na mimi nimeusoma mara tatu. Kwamba siku moja mwanzoni alitoka kwenye mitingi amenuna, aliulizwa jina mara mbili na wenzake wakacheka, "ila hilo lilipita". Halikupita mpwa wangu. Ndo limekaa hapo nyumbani kwenu linakula chakula chenu. Fikiria mtu mzima, baba wa watoto, kazi mpya, kila mtu kwenye kioo anamwangalia, anasema jina lake, jina la kwanza analojua mtu kulisema katika maisha yake, na anaambiwa rudia. Anarudia. Na pembeni kuna watu wa kwao, sio wale wageni, wenzake, wanacheka. Mtu akichekwa kwenye kazi yake anajifunza kazi. Akichekwa kwenye jina anakwenda wapi? Alikwenda kwenye h. Alikuta herufi kwenye kitambulisho, inafanana na wanavyosema wale wakubwa, akasema kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimekosewa miaka yote. Na mtu aliyetoka kuaibika kwa jambo huwa mkali sana kwa wengine kwenye jambo hilo hilo, ndo maana voisi, ndo maana shemeji akatolewa. Mshamba aliyemtaja siku ile ni yeye mwenyewe siku ya ile mitingi.

Simtetei. Kumcheka mama yake mbele ya wajukuu ni kitendo kibaya na atakibeba. Nakuonyesha tu mlango uko upande gani, kwa sababu wewe ulipiga hodi dirishani. Ulipompangia vyeti mezani ulimfanyia kama hakimu, cheti namba moja, cheti namba mbili, na mtu mwenye aibu ukimletea ushahidi anakimbia, kama alivyofanya. Cha kushangaza ni kwamba vyeti vyenyewe vinasema hadithi nzima. Mama alisema Antoni, padri akaandika alichosikia. Karani wa vizazi akaandika Antony. Halafu huko shuleni mtu mmoja mwenye kalamu, pengine mwalimu aliyekuwa anajaza fomu ya mtihani, akaona Antony inaonekana haijamalizika, akaitia h. Yaani kile kile walichofanya wasomi wa karne ya 16, akakirudia yeye kwenye fomu ya mtoto wa watu. Na mumeo leo anamwambia mama yake kwamba h ndo ya kweli na mama ndo kosa.

Ungekuwa wewe ni mwanangu ningekwambia hivi. Usiku mmoja watoto wakilala, usianze na mama, usianze na h. Mwulize ile siku. "Siku ile uliyotoka kwenye mitingi umenuna, walikufanyaje hasa?" Halafu nyamaza, na ukae kimya muda mrefu kuliko unavyojisikia vizuri. Akisema hakuna kitu, mwache, rudia siku nyingine. Akianza kusimulia usimkatishe kwa Marcus Antonius, hao Warumi wamesubiri miaka elfu mbili wanaweza kusubiri mpaka kesho.

Akishamaliza ndo umpe maneno ya mama, yale yale, usiongeze chumvi wala usipunguze. "Nilimwita Antoni kabla hajawa na sikio la kunisikia." Najua utaniuliza kama huo sio umbea. Hapana. Mama mkwe hafuati mkaza mwana jikoni usiku kuja kusema sentensi kama ile ili ifie kwenye sinki, maneno ya namna hiyo huwa yana anwani, na wewe ulikuwa bahasha.

Kuhusu kazini, mwachie. Hapo sina ugomvi naye hata kidogo, mtu mzima ana haki ya kusema mimi niiteni hivi, na wanaokutana naye mara ya kwanza wamfuate. Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, alikuwa "Stiven", Stephen Curry wa mpira wa kikapu ni "Stefan", herufi zile zile moja kwa moja, kila mmoja kaitwa anavyojiita na dunia imetii. Kama shida yake ni kuulizwa mara mbili, basi kuna njia nyepesi kuliko aliyoichagua, ajiite Tony kazini, hilo linasikika sawasawa kwa Mmarekani, Mwingereza na bibi yako. Na baadhi ya hizi programu za kazini zina sehemu ya kurekodi jina lako ili wenzako wasikie kabla ya mkutano, ile voisi ya sekunde arobaini kumbe ina pa kwenda. Lakini haki ya kuomba uitweje haiendi kinyumenyume mpaka kwa aliyekupa jina. Mama yake hakutani naye mara ya kwanza.

Na wewe? Acha kulizunguka. Unadhani hajasikia kwamba miezi hii yote mkewe hamwiti? Amesikia, na inawezekana anaichukua kama kicheko kingine. Mwambie wazi, "Mimi nakuita Antoni kwa sababu ndivyo nilivyokujua, kazini kwako nikipokea simu nitasema Anthoni bila tatizo." Watu wengi wanaishi na matamshi mawili ya jina moja, akina Graham wanaitwa Greyam kwa silabi mbili huko Uingereza, wakihamia Marekani wanabanwa wanakuwa Gram, wanaitika kote kote na maisha yanaendelea. Hiyo hisia yako ya mume wa mtu mwingine mwambie pia, hiyo hasa, ina mahaba ndani yake kuliko unavyodhani.

Jambo la vyeti nalipitia haraka ila ndilo peke yake lenye hasara ya kweli mbele ya safari. Matamshi hayamzuii mtu kusafiri wala kulipwa mafao, herufi zinamzuia. Antony, Antoni na Anthony kwa kompyuta ni watu watatu. Kwa kuwa kitambulisho na vyeti vya shule vyote vina h, itakuwa rahisi zaidi kuiacha h kwenye maandishi, pasipoti na tiketi zifuate hiyo hiyo, na kwa vile viwili vya utotoni aende kwa mwanasheria aapishwe hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Naam, nimesema h ibaki. Iandikwe ilale. Antoni wa Padua watu wanamwomba awatafutie vitu vilivyopotea, hii yetu ni kesi ya kwanza ya kitu kilichookotwa ambacho hakikuwa cha mtu.

Watoto pia wasisahaulike, wamejifunza kwamba bibi akikosea neno anachekwa na baba anaongoza. Hilo alitengue yeye kwa mdomo wake, mbele yao, kama alivyolifunga mbele yao. Wewe usimfanyie.

Na kwa mama apige simu yeye mwenyewe. Asitume meseji, na wewe usipige halafu umpe simu mkononi kama mtoto aliyelazimishwa kusalimia wageni. Asianze na habari za Kigiriki wala mitingi wala "mama unajua siku ile sikumaanisha". Mama akipokea atasikia sauti, atanyamaza kidogo, maana sasa hivi hana uhakika, halafu atauliza, "Antoni?" Aseme, "Naam, mama."